Jinsi Mchezaji wa Kikapu wa Chuo Anavyoweza Kupanua Ushambuliaji Wake

Mchezaji anayepata ufadhili wa masomo katika chuo kikuu cha Marekani kwa njia ya mpira wa kikapu huwa ameupata kwa kitu kimoja kinachoonekana: ana kimo, au anarusha vizuri kutoka mbali, au ana kasi ya kumwacha beki kwa hatua ya kwanza. Kitu hicho hicho ndicho makocha wasaidizi wa timu pinzani wanachokitafuta kwanza wanapoangalia video zake. Kufikia Januari, mechi za kanda (kundi la vyuo vinavyoshindana kila msimu) zinaposhika kasi na timu zinazofahamiana kuanza kukutana mara ya pili, kila beki huingia uwanjani akiwa ameshaambiwa kwamba huyu huenda kulia tu, au kwamba huyu asipopokea mpira akiwa ametulia hawezi kufunga. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mchezaji aliyefikia hapo, na msimamo wake ni mmoja: ushambuliaji hupanuka pale mchezaji anapopata jibu la kile ambacho mabeki wameshajua kukizuia. Kukusanya chenga nyingi ni burudani ya mazoezi tu.

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanamkumbuka Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye kimo cha mita 2.21, aliyekichezea chuo kikuu cha Connecticut kwa misimu mitatu. Katika msimu wa 2008–09 alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi (mipira iliyodakwa baada ya mrusho kukosa) 10.8 na mipira 4.2 iliyozuiwa kwa kila mechi. Aligawana na DeJuan Blair tuzo ya mchezaji bora wa kanda ya Big East, timu yake ikafika nusu fainali ya taifa, na mwezi Juni 2009 akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, na Memphis Grizzlies. Pointi zake nyingi za chuoni zilitoka karibu kabisa na kapu, mahali ambapo urefu wake ulikuwa unatosha. Katika NBA, ambako karibu kila timu ina mtu wa kuushindana urefu huo kwa kimo au kwa nguvu, wastani wake wa pointi ulikuwa 2.2. Hakuna haki ya kumlaumu kijana aliyeanza kuushika mpira huu akiwa tayari amebalehe, na safari yake bado ni ya heshima kubwa kwa Tanzania. Lakini mfano wake unaonyesha wazi kwamba silaha inayotosha katika ngazi moja inaweza isitoshe katika ngazi inayofuata, na kwamba miaka ya chuo ndiyo nafasi ya kuongeza ya pili.

Kabla ya kugusa mpira, angalia video

Timu nyingi za chuo zina mtu anayekata video za mechi. Mwombe akutolee kila shambulizi ulilolimaliza mwenyewe katika mechi kumi za mwisho, yaani kila mpira uliourusha, kila faulo uliyoipata na kila mpira uliopoteza. Chukua daftari uandike mambo manne kwa kila shambulizi: ulipokea mpira wapi, ulidunda mara ngapi, ulimaliza kwa mkono gani, na beki alikuwa amesimama upande gani wako. Safu hiyo ya nne ndiyo wengi huiruka, nayo ndiyo yenye faida kuliko zote. Ukiona mabeki wanasimama hatua nzima mbali nawe unapopokea mpira pembeni, maana yake hawauogopi mrusho wako. Ukiona wanakaa upande wako wa kulia hata pale ambapo kufanya hivyo kunawaachia njia ya kushoto kuelekea kapu, wameshaamua kwamba hiyo njia huitumii.

Matokeo ya kazi hii ni sentensi moja au mbili tu: “Wananiachia mrusho wa mbali,” au “Nikiingia ndani na mlinzi wa msaada akaja, sina cha kufanya.” Sentensi hiyo ndiyo mpango wako wa mwaka. Mpelekee kocha wako kabla hujaanza, kwa sababu anaweza kuwa na picha tofauti ya nafasi yako msimu ujao, na hakuna hasara kubwa kama kutumia kiangazi kizima kujifunza jambo ambalo timu haina mahali pa kulitumia.

Wakati wa kazi hii

Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, huweka kikomo cha saa 20 kwa wiki za shughuli za timu zinazosimamiwa na makocha wakati wa msimu, na saa 8 nje ya msimu. Saa 20 hizo humezwa na mipango ya mechi, ulinzi na video, kwa hiyo mchezaji anayesubiri afundishwe ujuzi mpya mwezi Novemba atasubiri sana. Ujuzi mpya hujengwa kati ya Aprili na Septemba, na sehemu kubwa hujengwa na mchezaji mwenyewe akiwa na mwenzake mmoja wa kumrudishia mipira. Msimu ukianza, kazi inayobaki ni kuutunza.

Buddy Hield, aliyetoka Bahamas akacheza miaka minne chuo kikuu cha Oklahoma, ni mfano mzuri wa kile ambacho kiangazi kimoja kinaweza kufanya. Msimu wa 2014–15 alikuwa na wastani wa pointi 17.4, akiingiza asilimia 35.9 ya mirusho ya pointi tatu. Angeweza kwenda NBA wakati huo. Alibaki, na msimu uliofuata wastani wake ulikuwa pointi 25.0 na asilimia 45.7. Inafaa kukumbuka kwamba Hield alikuwa mrushaji tangu mwanzo; aliichukua silaha aliyokuwa nayo akaifanya iweze kutumika katika hali nyingi zaidi.

Kwa hiyo chagua jambo moja kubwa kwa kiangazi, na dogo moja la kusindikiza. Mambo matano ni mengi mno.

Kumaliza karibu na kapu kwa mikono yote miwili

Kama mchezaji ananiuliza aanzie wapi na hajui udhaifu wake, nitamwambia aanzie hapa, kwa sababu kila njia ya kuingia ndani huishia hapa. Zoezi la msingi lina umri wa zaidi ya miaka themanini. Kocha Ray Meyer wa DePaul, Chicago, alimpokea George Mikan mwaka 1942 akiwa kijana mrefu, mzito wa miguu na mwenye miwani, akamfanyisha kazi ya kurusha chini ya kapu kwa mkono wa kulia na wa kushoto kwa zamu, pamoja na kuruka kamba na hata kucheza dansi ili miguu yake ipate wepesi. Mikan akawa mchezaji mkuu wa zama zake, na zoezi hilo bado linaitwa kwa jina lake.

Linafanywa hivi. Simama chini ya kapu upande wa kulia, inuka kwa mguu wa kushoto, uguse ubao kwa mrusho wa mkono wa kulia. Udake mpira kabla haujagusa sakafu, uubakize juu ya mabega, piga hatua moja kwenda upande wa kushoto, inuka kwa mguu wa kulia na urushe kwa mkono wa kushoto. Endelea bila kusimama hadi uingize ishirini. Kisha geuza mwili, ukiupa uwanja uso na kapu mgongo, ufanye vilevile kwa kurusha nyuma ya kichwa. Kosa linaloonekana kila mara ni kuushusha mpira hadi kiunoni baada ya kuudaka. Chuoni, mpira uliofika kiunoni chini ya kapu si wako tena.

Baada ya wiki mbili au tatu, ongeza ugumu. Maliza kwa mguu na mkono wa upande mmoja, yaani mguu wa kulia na mkono wa kulia, kwa sababu mlinzi mrefu huwa anahesabu hatua zako ili ajue aruke lini, nawe unamvunjia hesabu hiyo kwa kuruka nusu hatua mapema. Maliza kwa kusimama ghafla juu ya miguu miwili, umwache mlinzi apite, ndipo uruke. Mwombe mwenzako ashike mto wa mazoezi akusukume begani wakati unainuka, maana leiapu, yaani mrusho wa karibu kabisa na kapu, isiyo na mgongano haipatikani mara nyingi katika mechi za chuo.

Kuna kisa kimoja cha historia kinachofaa hapa. Lew Alcindor, ambaye baadaye aliitwa Kareem Abdul-Jabbar, alipomaliza msimu wake wa kwanza na timu kubwa ya chuo cha UCLA mwaka 1967, NCAA ilipiga marufuku kudanki, yaani kuusukumiza mpira kapuni kwa mkono kutoka juu, na marufuku hiyo ikadumu hadi 1976. Wengi waliamini kwamba kanuni hiyo ililengwa kwake. Yeye alikuwa na mrusho wa huki, yaani wa mkono mmoja unaopita juu ya kichwa, tangu utotoni, aliojifunza kwa zoezi lile lile la Mikan, na sasa akalazimika kuutegemea na kuunoa zaidi. Alipostaafu alikuwa na pointi 38,387 katika NBA, rekodi iliyodumu hadi Februari 2023. Kocha anayetaka kumsaidia mchezaji wake mrefu anaweza kuiga jambo hili kwa makusudi: kwa mwezi mmoja wa kiangazi, katika michezo ya mazoezi, danki isihesabiwe.

Mrusho

Mstari wa pointi tatu wa vyuo vya wanaume ulisogezwa hadi mita 6.75 kuanzia msimu wa 2019–20, na wa wanawake mwaka 2021–22. Huo ndio umbali wa FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, pia, kwa hiyo mchezaji anayejiandaa Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura anaweza kufanya mazoezi kwenye mstari ule ule atakaoukuta Marekani. Fanya mazoezi hatua moja nyuma ya mstari, karibu mita 7, ili katika mechi usilazimike kutazama miguu yako.

Mabadiliko ya umbo la mrusho ni jambo la kiangazi peke yake. Stephen Curry, mrushaji maarufu wa NBA, alibadilisha mrusho wake akiwa bado sekondari, chini ya uangalizi wa baba yake Dell, kwa sababu alikuwa akiutoa mpira chini mno. Ilimbidi kwa wiki kadhaa arushe akiwa karibu na kapu tu, na mwenyewe amesimulia jinsi kipindi hicho kilivyomkatisha tamaa. Kama kiwiko chako hutoka nje au mpira hutokea usawa wa kifua, fanya kama yeye: rudi mita mbili kutoka kapu, mkono mmoja, mpaka umbo jipya lijirudie bila kufikiri, ndipo urudi nyuma hatua kwa hatua. Kama umbo ni zuri na tatizo ni idadi ya mipira inayoingia, usiliguse.

Mara nyingi tatizo liko miguuni. Jifunze njia mbili za kupokea: kutua kwa miguu yote miwili kwa pamoja, na kutua kwa mguu mmoja kisha wa pili. Kila njia ifanyiwe kazi ukitokea kulia na ukitokea kushoto, kwa sababu mrushaji anayeweza kurusha akitokea upande mmoja tu amempa beki nusu ya jibu. Rusha mia moja baada ya kukimbia, na uandike zilizoingia. Usizichanganye na zile za kusimama, wala usishangae asilimia yako ya mazoezi ikiwa juu kuliko ya mechi. Kinachotafutwa ni kuona kama inapanda mwezi hadi mwezi.

Mitupo huru iwekwe katikati ya mazoezi, wakati umechoka, miwili miwili kama katika mechi. Mchezaji anayejifunza kuingia ndani atapigiwa faulo nyingi zaidi, na faida yote hiyo hupotea kwenye mstari kama mitupo haiingii.

Katikati ya kapu na mstari wa tatu kuna eneo ambalo siku hizi makocha wengi hawalipendi. Mimi nasema lisidharauliwe kabisa. Mlinzi mrefu anaporudi nyuma kulinda kapu, flota, yaani mpira unaoinuliwa juu ya mikono yake kwa mkono mmoja kabla hujamfikia, ndiyo jibu. Hata hivyo lisiwe jambo lako kubwa la kiangazi, isipokuwa wewe ni mchezaji mfupi unayeishi kwa kuingia ndani.

Kusoma skrini

Hapa ndipo wachezaji wengi wa mwaka wa kwanza hukwama, hata wale wenye mikono mizuri. Mwenzako mrefu anakuja kusimama kando ya beki wako ili kumkinga; hiyo ndiyo skrini. Wewe unapita ukidunda mpira, na kwa sekunde moja mabeki wawili wanapaswa kuamua. Wanachoamua ndicho kinachokuambia ufanye nini, na uamuzi wao unaweza kuusoma kabla ya kufika.

Beki wako akipita chini ya skrini, upande wa kapu, simama nyuma ya skrini urushe. Ukikataa kurusha mara mbili, watapita chini usiku kucha. Akipita juu akikufuata nyuma, ingia ndani polepole ukimweka mgongoni mwako asiweze kurudi mbele, kisha umtazame mlinzi mrefu: akirudi nyuma una flota au mrusho wa kusimama ghafla, akikujia una pasi kwa mwenzako anayekimbilia kapu. Mabeki wakibadilishana watu wa kulinda, usikimbilie kumshambulia yule mrefu kwa chenga kumi. Mara nyingi faida kubwa iko chini ya kapu, ambako beki mfupi aliyekuwa akikulinda sasa amebaki na mwenzako mrefu. Wakikujia wote wawili, toa mpira mapema, kabla mikono yao haijakuzunguka. Saa ya shambulizi kwa vyuo ni sekunde 30, dhidi ya 24 za FIBA, kwa hiyo kuna muda wa kurudia skrini ya pili kama ya kwanza haikuzaa kitu.

Fanyeni zoezi hili watu wanne, mabeki wakichagua kwa siri namna ya kulinda kila mara. Bila siri hiyo linakuwa zoezi la kukariri. Mshambuliaji aseme kwa sauti alichokiona, hata kama amekosea, kwani kocha hawezi kurekebisha macho ambayo hayasemi.

Curry alipitia mabadiliko haya katika chuo cha Davidson. Msimu wa 2007–08 alikuwa hasa mrushaji anayekimbia kwenye skrini huku Jason Richards, aliyeongoza nchi kwa asisti (pasi zinazozaa pointi), akiuendesha mpira. Richards alipohitimu, Curry akachukua kazi hiyo katika mwaka wake wa tatu. Wastani wa asisti zake ukapanda kutoka 2.9 hadi 5.6, naye akaongoza nchi kwa pointi 28.6. Mipira aliyoipoteza iliongezeka pia, na kocha asiyekubali gharama hiyo kwa miezi ya mwanzo hapaswi kumpa mchezaji kazi mpya.

Bila mpira

Novemba 2008, timu ya chuo cha Loyola ya Maryland iliamua kumwekea Curry mabeki wawili kila dakika, hata alipokuwa hana mpira. Alirusha mara tatu tu na akamaliza mechi bila pointi hata moja. Alichofanya ni kwenda kusimama kwenye kona na mabeki wake wawili, akawaacha wenzake wanne wacheze dhidi ya watatu. Davidson ilishinda 78 kwa 48.

Mchezaji mwenye umri wa miaka kumi na tisa anahitaji ukomavu kukubali hilo, na ni sehemu ya ushambuliaji inayofundishika. Anza na mambo matatu. Kwanza, beki wako akigeuza kichwa kuangalia mpira, kata nyuma ya mgongo wake moja kwa moja kuelekea kapu. Pili, mwenzako akiingia ndani kutoka upande wako, usisimame pale pale: telezea kwenye kona au upande mpana ili apate njia ya pasi. Tatu, badilisha kasi. Anayekimbia kwa kasi moja kwenye skrini hulindwa kirahisi kuliko anayetembea hatua mbili kisha akachomoka. Rudi kwenye video na ujiangalie katika mashambulizi ambayo hukugusa mpira. Wengi huona aibu kidogo.

Kwa wachezaji warefu

Hakeem Olajuwon alifika chuo kikuu cha Houston kutoka Lagos, ambako alikuwa amecheza mpira wa mikono na soka akiwa golikipa, na wepesi wa miguu yake ulitoka huko. Lakini kilichomkuza zaidi katika miaka ya chuo ni kushindana wakati wa kiangazi na Moses Malone, aliyekuwa tayari mchezaji bora wa NBA, katika ukumbi wa Fonde mjini Houston. Tafuta mtu anayekushinda. Chini ya kapu, jifunze mrusho mmoja kwa kila bega, na chenga moja inayoanza sawasawa na mrusho huo: ukiinua mpira na macho kama unayerusha huki ya kulia, beki akaruka, egemea mguu ule ule ugeuke kushoto. Chenga isiyofanana na mrusho wako halisi haimdanganyi mtu.

Kuingiza ujuzi mpya katika mechi

Ujuzi uliokamilika kwenye ukumbi mtupu hupita ngazi tatu kabla ya kufika kwenye mechi: kwanza mmoja kwa mmoja na beki anayejua unachotaka kufanya, kisha mazoezi ya watano kwa watano, kisha mechi za kirafiki za Oktoba. Katika kila ngazi kubaliana na kocha ni hali zipi una ruhusa ya kuutumia. Mchezaji anayeambiwa “rusha ukiwa peke yako kwenye kona, popote pengine toa pasi” hucheza bila woga kuliko anayeambiwa “rusha ukijisikia.”

Baada ya mechi tano au sita za msimu, rudi kwenye daftari lile la mwanzo na uandike tena safu ya nne, mahali beki aliposimama. Kama bado anasimama hatua nzima mbali nawe, silaha mpya haijaaminika, hata kama imekupatia pointi kadhaa; endelea kuitumia katika hali zile zile ulizoruhusiwa. Kama amesogea karibu, ile njia ya kuingia ndani aliyokuwa akikufungia imefunguka, na mazoezi ya wiki hiyo yarudi kwenye leiapu za mgongano chini ya kapu.